Hawa wawili wanamwangalia nani?

Swali hilo niliulizwa usiku mmoja na rafiki yangu aliyekuwa ananifundisha kuhariri filamu, tumebanana mbele ya laptopu moja yenye feni inayolia kama cherehani. Kwenye skrini, mama anamkaripia binti yake jikoni. Mama anaangalia kulia. Tunakata kwenda kwa binti, naye anaangalia kulia. Ukiwatazama bila sauti ungeapa kwamba wote wawili wanagombana na mtu wa tatu aliyesimama nje ya mlango.

Ilikuwa filamu yangu ya kwanza, dakika 9, tuliishuti siku mbili nyumbani kwa shangazi yangu Temeke kwa kamera ya kuazima. Istilahi nilikuwa nazo zote. Ungeniamsha usingizini ningekutajia majina ya shoti, yaani vipande vya picha vilivyorekodiwa bila kukatwa, kuanzia ile ya mbali kabisa hadi ya kope za macho. Ila nilizijua kama mtoto wa madrasa anavyoijua juzuu amma kabla hajafahamishwa maana yake. Maana nilikuja kuipata kwenye kiti cha kuhariri, ambako kila uzembe wa mchana unakuja kudai deni lake usiku. Ndiyo sababu vijana wanaosoma filamu wakiniomba niwaeleze maneno ya kamera, mimi huwaeleza kinyumenyume, kuanzia pale shoti mbili zinapokataa kukaa pamoja.

Basi tuanze na kosa langu. Watu wawili wakitazamana, piga mstari wa kufikirika kutoka pua ya huyu hadi pua ya yule, uendelee mpaka ukutani pande zote mbili. Kamera ikishachagua upande mmoja wa mstari huo, ibaki hukohuko. Darasani wanaiita kanuni ya nyuzi 180, kwa kuwa upande mmoja wa mstari unakupa nusu duara ya kutembelea. Ukibaki humo, mama ataangalia kulia na binti kushoto, na mtazamaji atawakutanisha mwenyewe kichwani hata kama hawajawahi kukaa kwenye fremu moja, yaani ndani ya picha moja. Ukivuka, kulia kunageuka kushoto.

Anayeangalia mpira kwenye televisheni anaijua kanuni hii bila kufundishwa. Siku ya Simba na Yanga pale Uwanja wa Benjamin Mkapa, kamera kuu zinakaa upande mmoja wa uwanja, ndiyo maana timu inayoshambulia kuelekea kulia inaendelea kushambulia kulia hata picha ibadilishwe mara ishirini. Siku kamera irukie ng'ambo ya pili katikati ya shambulizi, nusu ya kibanda umiza watapiga kelele wakidhani beki kageuka anakimbilia golini kwake.

Sisi tulivuka bila kujua. Shoti za mama tulizipiga asubuhi tukiwa tumeegemea sinki. Mchana jua likaingia dirishani likatukera, kameramani akahamia mlango wa uani ili alikwepe, akampigia binti shoti zake huko. Hakuna aliyesema neno. Hatua nne tu, mazungumzo yote yakavunjika.

Kuvuka kihalali kunawezekana. Kamera yenyewe itembee na kuvuka shoti ikiwa inaendelea, mtazamaji akishuhudia. Au mwigizaji ahame, maana mstari unahama naye. Au chomeka katikati shoti iliyopigwa juu ya mstari wenyewe, isiyo na kulia wala kushoto. Au mpe mtazamaji kitu kingine kabisa cha kuangalia, asahau alikuwa amesimama wapi.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyotuokoa. Katika kupekua mafaili tulikuta kitu cha sekunde 11 ambacho hakuna aliyekusudia kukishuti. Kameramani alisahau kuzima kamera, akaiweka sakafuni, lenzi ikaelekea jiko la mkaa. Ndani ya fremu kuna sufuria ya maharage inaanza kufurika. Mfuniko unachezacheza, povu linateremka ubavuni taratibu, tone moja linaangukia kaa na moshi mweupe unapanda. Tukaichomeka kati ya mama na binti. Ghafla wakawa wanazungumza.

Shoti ya namna ile tunaiita kipande cha kukatia, na wahariri hatuchoki kuililia. Mikono inayokunja nguo, saa ya ukutani, paka, viatu mlangoni. Chukua vitano kwenye kila lokesheni hata kama skripti haijavitaja.

Sufuria ile ilifanya na jambo la pili ambalo sikulitegemea. Uso wa mama kabla ya pale ulikuwa uso tu. Nikiri kabisa: ulikuwa uso wa mwigizaji anayesubiri niseme "eksheni," tuliuiba kwenye sekunde za mwanzo wa teki, yaani rudio moja la shoti. Ulipokaa baada ya sufuria inayofurika, ukawa uso wa mtu ambaye uvumilivu umemwishia. Rafiki yangu akacheka, akasema Mrusi mmoja alishatutangulia kwa karibu karne nzima. Lev Kuleshov alichukua shoti moja ya uso mtulivu wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, akaiunganisha na bakuli la supu, halafu na mtoto aliyelala ndani ya jeneza, halafu na mwanamke aliyejinyoosha kwenye kochi. Kwa masimulizi yaliyobaki, watazamaji wakasifia jinsi mwigizaji alivyoonyesha njaa, kisha huzuni, kisha tamaa, na uso ni uleule. Jaribio lenyewe halikuhifadhiwa, na wapo wasomi wanaodhani hadithi imetiwa chumvi. Mimi sufuria ya shangazi inanitosha.

Ukubwa wa shoti, ambao madarasa mengi huanza nao, nitaupitia haraka. Waidi, ile ya mbali, inatuonyesha tuko wapi. Midiamu, ya kiunoni kwenda juu, inatuonyesha nani anafanya nini. Klozapu, ya uso kwa karibu, inatuonyesha inamuuma kiasi gani. Kuna moja tu nitaisimamia: ile inayomkata mtu mapajani, ambayo Wafaransa wanaiita shoti ya Kimarekani kwa sababu sinema za makauboi zilitaka bastola ya kiunoni ionekane. Sisi bastola hatuna, tuna kanga. Kama mama wa kwenye filamu yako kajifunga kanga yenye ujumbe na jirani anatakiwa aupate, shusha fremu mpaka jina la kanga lisomeke. Nimewahi kuletewa kazi ambayo mtu wa mavazi alizunguka Kariakoo siku nzima akitafuta jina linalofaa, halafu kamera ikakata juu ya kiuno kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kavareji ndiyo wanafunzi wengi wanadhani wameielewa. Ni kuipiga sini moja, yaani tukio la mahali pamoja na wakati mmoja, kutoka pembe za kutosha ili mhariri awe na cha kuchagua. Unaanza na masta, waidi inayobeba sini nzima bila kukatwa. Kisha unasogea: kupitia bega la huyu, kupitia bega la yule, klozapu za wote wawili. Wanachokosea ni kumpiga picha anayesema peke yake. Mistari yake ikiisha, "kata!" Nikija kuhariri nina midomo miwili inayopokezana kama mchezo wa tenisi, na uso unaosikiliza sina hata mmoja.

Kaa barazani jioni moja, mtu mmoja awe anamsema mwenzake mbele za watu, uyachunguze macho yako mwenyewe. Hayamwangalii msemaji. Yanamwangalia anayesemwa, yaone atafanyaje. Kwa hiyo binti anapokaripiwa, iache kamera kwake, sini yote, hata kama hana neno la kutamka. Nikiwa na uso huo naweza kuiacha sauti ya mama iendelee juu ya picha ya binti, au nikaitanguliza sauti ya shoti inayokuja kabla picha yake haijafika, na mkato hautaonekana. Na mwigizaji akimaliza, hesabu moja hadi tano kimoyomoyo kabla hujasema kata. Katika zile sekunde tano mtu huwa anashusha pumzi, anajifuta jasho, anageuza shingo. Nusu ya mikato yangu mizuri nimeiokota humo.

Kavareji inaleta dada yake, mwendelezo, au kontinyuiti kama wanavyosema seti. Ukirudia sini mara sita kutoka pembe sita, kila kitu kirudie kilipokuwa. Kwetu kilichotuumbua ni kikombe cha chai. Kwenye masta kimejaa. Kwenye shoti ya bega kimefika nusu, kwa sababu mwigizaji alikuwa anakunywa kweli. Kwenye klozapu kimejaa tena, maana shangazi kwa ukarimu wake alipita akamwongezea. Kwenye kazi yenye bajeti kuna mtu ambaye hana kazi nyingine zaidi ya kutazama vikombe, vifungo vya shati na urefu wa mshumaa. Kwenye kazi zetu, mpe mtu simu, apige picha kila ukisema kata: meza, mikono, nywele. Na ikiwezekana mwigizaji ale au anywe kwenye neno lilelile kila teki, la sivyo sina pa kukatia.

Hapo kwenye neno lilelile kuna siri ndogo. Mkato unajificha vizuri ndani ya mwendo. Mtu anapokaa chini, kata akiwa hewani: nusu ya kukaa kwenye waidi, nusu kwenye midiamu. Jicho linafuata mwili, halioni mshono. Ila kamera iwe imehama kweli. Ukiisogeza kidogo tu, chini ya nyuzi 30, picha inaruka kama kaseti iliyokwaruzwa, na mtu atadhani ni kosa hata kama ulikusudia.

Sasa sauti, na hapa naomba subira, kwa sababu hapa ndipo filamu zetu nyingi zinapofia.

Mtazamaji atakusamehe picha yenye giza. Sauti mbovu hakusamehe, anabadilisha chaneli. Na maiki iliyomo ndani ya kamera, hata kamera iwe ya bei gani, iko mbali na mdomo. Inakusanya chumba chote kwanza ndipo imkumbuke mwigizaji. Maiki ya fimbo ishuke juu ya kichwa cha anayesema mpaka karibu iingie kwenye fremu, kisha irudi nyuma kiganja kimoja. Nyumba zetu za saruji na vigae zina mwangwi wa msikitini, basi omba magodoro. Simamisha mawili nyuma ya kamera, tandika blanketi sakafuni nje ya fremu. Utaonekana kichekesho kwa majirani. Utashukuru usiku.

Halafu kuna Dar es Salaam yenyewe. Bodaboda, jenereta, singeli ya jirani, kuku asiyejua saa. Muuza kahawa anapita akigonganisha vikombe vyake. Mlio unaanzia kwenye shoti ya mama na kutoweka ghafla kwenye shoti ya binti, na mtazamaji anajua kuna kilichokatwa ingawa hajui nini. Dawa yake ni mbili. Ya kwanza, subiri apite. Ya pili ni sauti ya chumba. Kila chumba kina ukimya wake, na ukimya wa jikoni kwa shangazi si wa sebuleni kwake. Kabla hamjabomoa seti, watu wote wasimame walipo, midomo imefungwa, urekodi dakika 1 ya hakuna kitu. Dakika hiyo ndefu kuliko zote siku hiyo, na lazima kuna mmoja atacheka. Rudia. Nikiitandika chini ya mikato, sini nzima inakuwa ndani ya chumba kimoja. Bila hiyo, kila penye mkato sauti inakatika kama umeme.

Jikoni pale kulikuwa na friji la zamani. Sisi tulishalizoea, maiki haizoei kitu. Tukalichomoa, tukashuti hadi magharibi, tukafunga vifaa, tukaaga kwa heshima zote. Ndani yake kulikuwa na changu wanne waliokuwa wanamsubiri mgeni wa kesho. Siku hizi nikizima friji la mtu naweka funguo za pikipiki yangu ndani yake, siwezi kuondoka bila kulifungua. Mbinu si yangu, watu wa sauti wanaijua miaka mingi. Mimi niliijua kwa bei ya changu wanne.

Klapa, ule ubao wa kugongwa mbele ya kamera, nayo ni ya sauti, ingawa wengi wanapenda kupiga nayo selfi. Picha inaingia kamera, sauti inaingia rekoda nyingine, na mhariri lazima azikutanishe. Ubao ukigongwa, naona fremu ambayo mbao zimegusana na nasikia ule mlio mmoja mkali; naviweka kimoja juu ya kingine, kazi imekwisha. Maandishi yake ni namba ya sini, ya shoti na ya teki, yasomwe kwa sauti kabla ya kugonga. Kama mlisahau mwanzoni, gongeni mwishoni ubao ukiwa umepinduliwa, nitajua. Kama hamna ubao, makofi ya mikono mbele ya lenzi yanatosha. Msiponipa chochote, nakaa kutafuta herufi "p" na "b" kwenye midomo ya watu, maana hizo haziwezi kutamkwa mdomo ukiwa wazi. Nimewahi kufanya hivyo kwa filamu nzima. Sirudii.

Namba moja ya kubadilisha leo kwenye simu au kamera yako: fremu kwa sekunde, yaani picha ngapi kamera inapiga kila sekunde. Vifaa vingi vinakuja vimewekwa 30. Umeme wetu, Tanzania, Kenya na Uganda, ni wa hezi 50, na taa za mirija na balbu nyingi za bei nafuu zinapwesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona, na ukiiacha kwenye 30 ukuta wako unaanza kupumua kwenye picha. Weka fremu 25 na kasi ya shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, sehemu 1 kwa 50 ya sekunde, kupwesa kunatulia. Kasi hiyo pia inaupa mwendo ule ukungu mdogo tunaouhusisha na sinema. Desturi ni shata iwe maradufu ya fremu, tangu enzi za kisahani kilichokuwa kinazunguka mbele ya filamu kikiwa kimekatwa nusu.

Halafu ngozi. Vitabu vingi vya mwanga vimeandikwa kwa uso ambao si wangu, na mashine zenyewe zilitengenezwa hivyo. Kwa miongo mingi Kodak, watengenezaji wa filamu za kupigia picha, walisambazia maabara za kusafishia picha kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyokuja kuitwa Shirley, mafundi wapimie rangi kwake. Aliyetoka vizuri ni Shirley. Sisi tulitoka meno na macho. Mwongozaji wa sinema Jean-Luc Godard alipokuwa Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970 alikataa kutumia filamu ya Kodak akisema ina ubaguzi. Kilichosaidia kuwasukuma Kodak wabadilike, pamoja na mengine, ni malalamiko ya watengeneza chokoleti na samani za mbao, waliotaka rangi za kahawia zao zitofautiane kwenye matangazo. Kabati lilisikilizwa kabla yetu.

Kamera za sasa ni bora zaidi, ila ukiziacha zijiamulie bado zinahesabu wastani: zinataka fremu nzima ikaribie kijivu cha katikati. Nililijua hilo Mji Mkongwe, nikimshuti bwana harusi mweusi ti, kanzu nyeupe pe, ukuta wa chokaa nyuma yake, saa sita mchana. Kamera ikaona weupe umezidi, ikajifunga. Kanzu ikatoka na kila mshono wa darizi, bwana harusi akatoka kivuli. Nikafungua tundu la lenzi stopu mbili, yaani mwanga mara nne. Uso ukaja, kanzu ikayeyuka kwenye ukuta.

Jibu halikuwa kwenye kamera. Nilimwomba asogee ndani ya mlango, hatua mbili kutoka juani, ukuta wa nyuma ukawa wa giza. Mwanga wa barabarani ukamjia kwa ubavu, mpana na laini. Upande wa pili mpambe wake akashika shuka jeupe. Ngozi nyeusi haihitaji kumwagiwa mwanga mwingi, inahitaji kitu kipana cha kuakisi, kama kioo cha gari jeusi kinavyochora anga. Mng'ao ule shavuni ndio unaochora umbo, kwa hiyo mpambaji asiufute wote kwa poda. Kidole kimoja cha mafuta ya nazi kwenye paji na mashavu kilifanya kazi kuliko taa yoyote niliyoibeba. Na pima mwanga kwa uso, kanzu itajijua. Mara ya pili nilimwomba bwana harusi mwingine avae ya rangi ya maziwa.

Ukiwa karibu na ikweta jua la utosi linakuchimbia watu mashimo ya macho kuanzia saa tano hadi saa tisa, mwaka mzima. Tumia saa hizo kwa shoti za ndani. Mwanga wa dhahabu unaousoma kwenye vitabu vya Ulaya, kule unadumu. Kwetu jua linazama wima, saa kumi na mbili unalo, ukigeuka kumtafuta mwigizaji halipo. Fanyeni mazoezi ya shoti hiyo alasiri, kamera ikae tayari kwenye stendi.

Ile filamu ya dakika 9 tuliionyesha mara ya kwanza sebuleni kwa shangazi, flashi nyuma ya televisheni, majirani wamejaa mpaka mlangoni. Nilikaa pembeni nikisubiri mtu aulize mama na binti wanamwangalia nani. Hakuna aliyeuliza. Ilipofika sufuria, chumba kizima kikaguna, binti mmoja akasema, "Mama kashachoka huyo." Nikajiona bingwa.

Shangazi akaisogelea skrini, akaishika miwani yake.

"Simamisha hapo," akasema. "Si ndiyo siku ile mlinizuia nisiingie jikoni kwangu? Angalieni maharage yangu yanavyoungua, na nyie mmekaa mnayapiga picha."